Binti yangu anataka wenzake 7 waje kulala kwetu, niwafanyishe nini mpaka asubuhi?

Swali: "Binti yangu anatimiza miaka 8 mwezi ujao, hataki pati ya mchana, anataka wenzake 7 waje kulala kwetu usiku mmoja. Sebule yetu ni ya kawaida tu na nina mwingine wa miaka 3. Nimeshaandika michezo 19 kwenye daftari na bado naona haitoshi, naogopa wataboreka halafu waanze kugombana au mmoja alie usiku atake kwao. Nishauri tafadhali, sijawahi kufanya hii kitu."

Jibu:

Dada yangu, hilo daftari lifunge kwanza. Mi nimekuwa matroni wa bweni la watoto wadogo miaka 14, usiku wa watoto ndo kazi yangu, na nakuhakikishia watoto wa miaka 8 wakikutana usiku na mashuka na tochi hawawezi kuboreka hata ukiwaambia waboreke. Kinachoharibu usiku ni mpangilio. Mtu anapanga michezo 19 anajikuta amekuwa MC wa harusi, "haya sasa tunaingia mchezo wa tisa", watoto ndo kwanza wamenogewa na ule wa nane, anawakatisha, wananuna, yeye ana stresi, na ikifika saa 4 usiku anataka walale wakati dakika kumi zilizopita walikuwa wanarukaruka juu ya makochi. Hawalali hao.

We uchukulie usiku kama mteremko. Unaanzia juu kabisa, mbio na kelele, afu unashuka kidogokidogo mpaka mtu wa mwisho anaongea kwa kunong'ona. Kila mchezo unaoweka uwe mtulivu kuliko uliopita, basi. Ukishika hilo, michezo 5 au 6 inatosha usiku mzima na utabakiwa nayo.

Kabla ya michezo tuongee idadi. Wageni 7 na wako wanakuwa 8, kwa mara ya kwanza hiyo ni nyingi, na sio kwa sababu ya nafasi, ni kwa sababu wewe uko mmoja na mwenye miaka 3 juu. Mi ningesema wageni 3, wawe wanne na binti yako, ukibanwa sana wageni 5. Unaona napenda jumla igawanyike kwa mbili, ni kwa makusudi. Wakiwa watatu, wawili wanashikana na wa tatu anabaki anazunguka na mto wake, nimeliona hilo mara nyingi mpaka nimechoka, na yule wa tatu ndo analia saa 5 usiku akisema tumbo linauma. Kama ulishaahidi wote 7 basi fanya hivi, waje wote na nguo zao za kulalia, wacheze wote, ila waliozoea kulala nje ya kwao ndo walale, wengine wachukuliwe saa 3. Ila useme mapema kwa wazazi na watoto, isije ikaonekana wengine umewafukuza.

Sasa wazazi wenzako. Mpigie kila mzazi, usiandike kwenye grupu, maana kuna mambo mzazi hawezi kusema mbele ya wenzake. Uliza mzio wa chakula (karanga, mayai, maziwa, hivyo ndo vinasumbua zaidi), dawa anazotumia, pumu, anaogopa giza au mbwa au nini, na namba ya mtu atakayepokea simu hata saa 8 usiku. Na we mwambie nani na nani watalala nyumbani kwako usiku huo, wajomba, wageni, kila mtu, usisubiri akuulize, maana anataka kujua na anaona aibu kuuliza. Binti yako mwambie wazi kwamba kwenye usiku huo hakuna siri za "usimwambie mama", mlango wa chumba chako unagongwa saa yoyote. Kubadilisha nguo kila mtu bafuni peke yake mlango umefungwa. Na picha za watoto wa watu wakiwa na nguo za kulalia usizirushe popote.

Kuna swali moja la mwisho kwa mzazi, nalo ni la kukojoa kitandani. Usiseme "sio wa umri huo", wapo wengi tu wa miaka 7, 8, na ni wazima kabisa, mwili haujajifunza kuamka. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya kosa ambalo mpaka leo nalijutia, nilitandika nailoni kwenye godoro la mtoto mmoja tu, na wenzake wakaisikia inavyolia kila anapogeuka. Muhula mzima yule mtoto hakuniangalia usoni. Sasa hivi natandika nailoni kwenye magodoro yote, hata la yule nisiye na wasiwasi naye, juu yake blanketi jepesi isipige kelele, ndo shuka. Suruali mbili tatu za akiba unaziweka bafuni mahali ambapo huyo mtoto unamwonyesha ukiwa naye wawili tu, na asubuhi unamwamsha wa kwanza kimyakimya. Hakuna atakayejua.

Haya, tuje kwenye raha.

Waambie wafike saa 11 jioni, sio saa 8 mchana, utakuwa umewachosha kabla jua halijazama na wewe umejichosha zaidi. Wakifika tu wazungushe nyumba, choo kile pale, swichi hii hapa, chumba changu ndo hiki. Afu rudia njia ya kutoka sebuleni kwenda chooni mkiwa mmezima taa, wameshikana mikono kama treni, wao wataona ni mchezo, wewe umeshamaliza nusu ya hofu za usiku.

Saa ya kwanza ni mbio. Kama una uwanja watoke nje, kama huna weka muziki wacheze dansi ya kuganda, muziki ukizima wote wanakuwa sanamu. Ila usimtoe anayecheka au anayetikisika! Michezo ya kutoana mi siipendi usiku, anayetoka wa kwanza ndo yule mchangamfu kuliko wote, sasa umemweka pembeni hana kazi, atatafuta kazi, na kazi atakayoipata hutaipenda. Badala ya kutoka, anayetikisika anachagua wote wagande kwa mtindo gani raundi inayofuata, kama simba, kama bibi aliyepoteza miwani, watacheka mpaka wakae chini. Wakitaka vita vya mito waruhusu, maana wataifanya tu hata ukikataa, ila kwa sheria zangu: wote wamepiga magoti, miwani imevuliwa, mito haina zipu wala vifungo, na ni dakika 3 kwa saa ya simu. Ikilia imekwisha. Magoti ndo siri, mtoto aliyepiga magoti hawezi kukimbia na hawezi kuanguka mbali. Mdogo wa miaka 3 awe kwenye mapaja yako wakati huo.

Kama utapamba kwa maputo, kumbuka huyo wa miaka 3. Puto likipasuka okota vipande hapohapo, mtoto anakiweka mdomoni kinaziba koo, na bisi nazo chini ya miaka 4 usimpe, zinakaba. Hao wakubwa wale bisi zao.

Kwenye chakula sitakaa sana, wape kitu wanachokijua, usiku huo sio wa kuonyesha mapishi. Watu wanalaumu sukari eti inawapandisha watoto mashetani, mwaka 1995 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti zilizofanywa juu ya hilo na halikukuta kwamba sukari inabadilisha tabia ya watoto, kinachowapandisha ni wao kwa wao. Ila soda za kola zina kafeini, hizo achana nazo kuanzia jioni, na vinywaji vyote vipunguze baada ya saa 2, sababu ushaijua.

Baada ya kula ndo wanajenga. Hili usilifanye wewe! Naona kina mama wanahangaika mchana kutwa kutengeneza mahema mazuri ya kupiga picha, watoto wakija wanaingia dakika tano wanatoka. Raha iko kwenye kujenga. Wape viti, mashuka, makhanga, blanketi na vibanio vya nguo vingi, vingi kweli, 30 au 40, afu waache. Watabishana shuka gani iwe paa, litaanguka mara mbili, watagawana kazi wenyewe, hapo una karibu saa nzima ya kukaa na chai yako. We kataza vitu viwili tu. Wasiegemeze shuka kwa kuwekea vitabu au kitu kizito juu ya kabati, shuka ikivutwa kile kitu kinashuka na kichwa cha mtu. Na ndani ya hema hakuna mshumaa, hakuna simu kwenye chaji, hakuna taa ya kupata moto, ni tochi tu.

Filamu kama unataka iweke hapa, wakiwa ndani ya hema lao na wamechoka kidogo, moja tu, na uwe umeshaichagua wewe. Ukiwaachia watoto 5 wachague filamu utakuwa unaamua kesi mpaka saa 5. Usiiweke mwisho kama wengi wanavyofanya wakidhani itawalaza, mwanga wa skrini karibu na macho unachelewesha ile homoni ya usingizi, melatonini, na kama ina vita ndo kabisa wanaamka upya. Binafsi nikiwa na watoto wachache filamu naitoa, naona inakula muda mzuri. Simu na tableti za watoto zinaingia kwenye kikapu chumbani kwako, anayetaka kuongea na mama yake anakuja kuchukua.

Saa 2 na nusu unazima taa, na hapa ndo usiku wenyewe unaanza. Giza ndo mgeni rasmi dada, giza ndo kitu ambacho pati ya mchana haina, kwa hiyo usilipoteze kwa kuwasha taa zote.

Anza na kutafuta vitu kwa tochi. Mchana ficha vitu vidogo sebuleni na koridoni, ila kila mtoto awe na rangi yake, mwekundu anatafuta vijiti vyekundu 5, wa kijani anatafuta vya kijani 5. Akiona cha mwenzake ananyamaza au anamsaidia kwa kumwambia "joto, baridi". Nimejifunza hili kwa shida, zamani nilikuwa naficha vitu 25 anayeokota vingi ndo mshindi, kuna mtoto mmoja mwenye macho kama kunguru aliokota 17 na waliobaki wakalia watatu kwa mpigo.

Baadae vivuli. Kaa nao chini, tundika shuka jeupe au tumia ukuta, washa tochi ya simu uiweke mita mbili hivi kutoka ukutani, afu mikono icheze katikati. Taa ya mezani yenye kofia haifai, kivuli kinakuwa na ukungu, tochi ya simu inatoa mwanga kutoka nukta moja ndogo ndo maana kivuli kinakatika vizuri mpaka kucha unaziona. Waonyeshe mkono ukisogea karibu na tochi kivuli kinakua kinajaza ukuta, ukisogea ukutani kinanywea. Usieleze sana, waache wagundue, utasikia mmoja anapiga kelele "nimekuwa jitu!" na hapo hapo hadithi imeshazaliwa, jitu linamfukuza sungura, sungura anakimbilia ukutani anakuwa mdogo anapotea. Kama una muda mchana kata maboksi maumbo ya nyumba, samaki, mti, uyabandike kwenye vijiti. Kuna mwaka mtoto mmoja mpole sana, ambaye mchana kutwa hakutoa neno, alishika samaki wa boksi dakika arobaini akawa anamsemesha, wenzake wanamsikiliza yeye tu. Giza lilimpa mdomo.

Saa 3 mswaki, choo, wote. Ndo kila mtu kwenye godoro. Nani alale karibu na nani hiyo ni vita, usiiache iamuliwe na wao, piga kura ya vikaratasi mchana, wa kwako katikati, anayeogopa au anayeamka usiku karibu na mlango. Vichwa vielekee katikati kama miale ya jua wakati wa hadithi, na ukizima taa kabisa kila mmoja anageuka, miguu inakuja katikati. Utacheka lakini inafanya kazi, kunong'ona kunakuwa kazi ngumu.

Wakiwa wamelala hivyo weka michezo ya mdomo tu. Vitendawili, kitendawili tega, nyumba yangu haina mlango, anayeshindwa anatoa mji, watoto wa siku hizi wanaipenda kuliko tunavyodhani wakiianza. Au hadithi ya kuunganisha, tochi inapita mkononi, mwenye tochi anaongeza sentensi moja tu anampa mwenzake. Watataka mizimu, lazima watake. Usikataze, watazisimulia ukitoka na zitakuwa mbaya zaidi. We kaa nao, na kila jini likitokea uliza swali la kijinga, "alikuwa amevaa ndala au raba?", jini lenye ndala halimtishi mtu. Hadithi ya mwisho isimulie wewe, iwe ndefu, ipoe, sauti ishuke, isiwe na kitu kinachoruka ghafla.

Saa 4 taa zimezimwa, acha ya koridoni. Watanong'ona mpaka saa 5 au zaidi, kubali. Umri wa miaka 6 mpaka 12 unahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, usiku huo hawatazifikisha, ndo maana fanya Ijumaa au Jumamosi na kesho yake pasiwe na safari wala mtihani. Usipige kelele kutoka chumbani, nenda mlangoni simama tu kimya, inatosha.

Sasa yule wa kulia. Huwa ni kati ya saa 4 na saa 6, wenzake wameanza kulala na ghafla nyumba inanuka tofauti na kwao. Anakuja na blanketi anasema kichwa, au tumbo. Usimwambie "mbona wenzako hawalii" na usimwambie "asubuhi si karibu", kwake asubuhi ni mwaka kesho. Mtoe pale sebuleni, mkalishe jikoni, mpe maji kidogo, mpe kazi ya mikono, akukunjie vitambaa, akuchambulie vijiti vya rangi vya ule mchezo. Usimhoji. Dakika 15 au 20 wengi wanarudi wenyewe. Asiporudi piga simu kwao bila kumfanya ajisikie ameshindwa, na hapa nina kitu kinanisaidia sana, mzazi na mtoto wakubaliane neno la siri kabla, mtoto akisema kwenye simu "nimesahau soksi za bluu" maana yake njoo nichukue. Mbele ya wenzake ni soksi tu. Asubuhi useme alichukuliwa mapema, nukta.

Asubuhi wataamka saa 12, hata waliolala saa 7 usiku, usiniulize kwa nini. Usiku kabla ya kulala acha mezani karatasi na rangi, na foronya nyeupe za zamani na kalamu za kitambaa, kila mmoja achore yake huku wakisubiri chai, na mkate waupake wenyewe. Foronya anaondoka nayo, ndo zawadi ya kuagia, umeokoa hela ya vimfuko vile vya pipi. Chini yake weka gazeti maana wino unapita.

Na saa ya kuchukuliwa itaje kwenye ile simu ya kwanza, saa 4 asubuhi. Ukisema tu "asubuhi", kuna mzazi atakuja saa 9 mchana, na wewe utakuwa umekaa kwenye kochi na mtoto wa watu aliyesinzia na buti zake miguuni.